Umoja wa Kanisa Una "Ili" Yake: Mambo ya Kikuyu, 1913

Juni 1913, katika misheni ya Waskoti pale Thogoto, Kikuyu, wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Kenya ya leo na Uganda walikutana kwa siku kadhaa. Walikuwapo Waanglikana wa CMS (Church Missionary Society), Wapresbiteri wa Skoti waliokuwa wenyeji wa mkutano, Wamethodisti, watu wa Africa Inland Mission, na Marafiki, yaani Quaker. Kiti kilikaliwa na J. J. Willis, Askofu wa Uganda, ambaye miaka saba nyuma alikuwa ameanzisha shule ya Maseno. Mkutano ulipofika mwisho, Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Ushirika Mtakatifu kwa kufuata kitabu cha sala cha Kianglikana, ndani ya kanisa la Kipresbiteri, na mahubiri yakatolewa na Mskoti, Norman Maclean. Watu wa madhehebu mbalimbali wakapokea mkate na kikombe kimoja. Marafiki hawakushiriki, na hakuna aliyewalaumu, kwa kuwa wao hawaadhimishi sakramenti kwa mkate na divai.

Habari zilipofika Unguja, Frank Weston hakuvumilia. Weston alikuwa Askofu wa Zanzibar, wa misheni ya Kianglikana ya UMCA (Universities' Mission to Central Africa), Mwanglikana wa upande ule unaokaribiana sana na Ukatoliki: ubani, maungamo, Ekaristi kila siku. Alimwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, akitaka Willis na Peel wajibu mashtaka ya uzushi na mafarakano. Maaskofu wawili wa kanisa lake mwenyewe! Hoja yake ilikuwa fupi. Meza ya Bwana inasimama juu ya huduma ya askofu, na askofu amepokea huduma hiyo kwa mfululizo kutoka kwa mitume. Anayewaalika mezani watu wasio na maaskofu kana kwamba tofauti hiyo si kitu, huyo ameligeuza kanisa lake bila kuliuliza.

Davidson alitafuta ushauri, vita vikaingia kati, na jibu lake likatoka mwaka 1915. Mpresbiteri au Mmethodisti aliye mbali na kanisa lake aweza kukaribishwa mezani. Mhubiri wa kanisa jingine aweza kualikwa mimbarani. Lakini Waanglikana wasihimizwe kupokea kwa wahudumu wasiowekewa mikono na askofu, na ibada kama ile ya Kikuyu ni heri isirudiwe. Waingereza, ambao hawakosi mzaha, walisema uamuzi ulikuwa huu: jambo la Kikuyu lilimpendeza Mungu kabisa, na lisitokee tena kamwe.

Kila mwaka ninapofundisha somo hili, wanafunzi hugawanyika mapema. Wengi humwona Weston kama mtu wa kuvunja umoja, na Willis na Peel kama mashujaa. Huwa siwakatazi. Nawaambia tu wangoje tufike mwaka 1919.

Kwanza tuulize kwa nini wale wamisionari walitaka kuungana. Walikuwa wamezigawana nchi. Upande wa Kiambu ulikuwa wa Waskoti, Murang'a ya CMS, Meru ikawa ya Wamethodisti, Kaimosi ya Marafiki. Kusini mwa mpaka, Tanzania ya leo, mambo yalikuwa hayo hayo: Kilimanjaro kwa Walutheri wa Leipzig, Rungwe kwa Wamoravian, Dodoma na Mpwapwa kwa CMS, Masasi na Magila kwa UMCA. Mpango huu ulipunguza ugomvi kati ya misheni, hilo lazima tukiri. Lakini matokeo yake tunayo mpaka leo. Ukimwuliza Mkristo wa Moshi kwa nini ni Mlutheri, na mwenzake wa Masasi kwa nini ni Mwanglikana, mara nyingi jibu la kweli halimo katika Ungamo la Augsburg, hati ya imani ya Walutheri, wala katika kitabu cha sala. Babu alizaliwa upande fulani wa mlima, au wa mto, basi. Mipaka hiyo nayo ilichorwa na wageni. Waliokaa kikaoni Kikuyu walikuwa wamisionari, na waumini Waafrika walingoja kuambiwa.

Shida ilikuja watu walipoanza kuhama. Kijana aliyebatizwa na Wamethodisti Meru akapata kazi Nairobi, aende kanisa gani? Akifika kwa Waanglikana, ni Mkristo kamili au aanze upya katekisimu? Mpango wa Kikuyu ulikusudia kujibu maswali ya namna hiyo: Biblia na Imani ya Mitume na ya Nikea ziwe msingi wa wote, ubatizo utambuliwe, na mipaka iheshimiwe. Ulikuwa mpango wa wachungaji wenye kazi nyingi, wala haukuwa wa wanateolojia waliofunga mlango na kuwasha taa.

Na hapa ndipo ninapotaka msomaji afungue Biblia yake. Katika Yohana 17:21, Yesu anaomba: "Wote wawe na umoja, kama wewe, Baba, ulivyo ndani yangu, nami ndani yako, hao nao wawe ndani yetu, ili ulimwengu upate kusadiki ya kwamba wewe ndiwe uliyenituma." Mstari huu husomwa kila Januari, katika Juma la Kuombea Umoja wa Wakristo, tarehe 18 hadi 25. Kwa kawaida wahubiri hukaa sana kwenye nusu ya kwanza. Nusu ya pili, inayoanza na "ili", hupitwa haraka. Lakini umoja anaouomba Yesu umepewa kazi. Kanisa limetumwa kama yeye alivyotumwa, naye katika sinagogi la Nazareti alisema ametumwa kwa nani: maskini, wafungwa, vipofu, walioonewa. Umoja usiofika kwa hao bado haujagusa ile "ili".

Sasa 1919.

Vita Kuu ilikuwa imekwisha. Wapagazi wa Carrier Corps, kikosi cha Waafrika waliobeba mizigo ya jeshi la Uingereza, walikuwa wamekufa kwa maelfu mengi, zaidi kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni kumbukumbu yao. Viongozi wetu wa kanisa waliijua kazi hiyo kwa miguu yao wenyewe. Weston alikusanya wapagazi wa Zanzibar mwaka 1916 akaenda nao bara. Dkt. J. W. Arthur, mkuu wa misheni ya Kikuyu, aliongoza kikosi cha vijana wa misheni mwaka 1917. Julai 1918 misheni zilikutana tena Kikuyu, na safari hii Weston alisafiri kuja kuzungumza na wale aliowashtaki. Muungano kamili haukupatikana, ila misheni kadhaa ziliunda shirikisho la ushirikiano wa kazi.

Mwaka uliofuata walowezi walilia uhaba wa vibarua. Oktoba 1919 serikali ya Gavana Northey, katika Kenya ya leo, ilitoa waraka ukiwaagiza maofisa na machifu "kuwahimiza" Waafrika waende kufanya kazi katika mashamba ya wazungu. Kila aliyeishi chini ya chifu wa kikoloni alijua maana ya kuhimizwa. Maaskofu Willis wa Uganda na Heywood wa Mombasa, pamoja na Dkt. Arthur, walitoa tamko la pamoja. Anglikana na Presbiteri, sauti moja: matunda ya Kikuyu hayo. Walikosoa mbinu za waraka ule, wakaonya kuhusu wanawake na watoto kutolewa majumbani. Lakini kazi ya lazima yenyewe hawakuikataa. Walipendekeza afadhali ihalalishwe waziwazi, iwekewe mipaka, na itumike hasa kwa mahitaji ya serikali.

Aliyekataa moja kwa moja ni Weston. Mwaka 1920 alichapisha kijitabu kikali akisema kumlazimisha mtu kufanya kazi kwa faida ya mwingine ni kinyume cha maadili, hata mipaka iwe mizuri namna gani. Kanisa lake kuu pale Mkunazini lilijengwa penye soko la watumwa. Labda ukisali kila asubuhi mahali kama pale, neno "kuhimiza" unalisikia kwa sikio jingine.

Darasani hapo huwa kimya kidogo. Yule mvunja umoja ndiye aliyeona sawasawa, na wale wapenda umoja ndio waliopatana na dola.

Nisingependa msomaji akimbilie kusema kwamba basi Weston alikuwa sahihi katika yote. Mimi sidhani hivyo. Mashtaka yake ya 1913 yalikuwa ya hasira, na yeye mwenyewe baadaye alilegea: katika mkutano wa maaskofu wa Kianglikana wa Lambeth, Uingereza, mwaka 1920 alikuwa miongoni mwa waliosaidia kuandaa wito kwa Wakristo wote kutafuta umoja. Nisingependa pia Arthur na wenzake wahukumiwe kwa sentensi moja. Waliamini kwamba uovu uliowekewa sheria unadhibitika kuliko uovu wa kificho. Hoja hiyo tunaisikia mpaka leo kwa watu wema.

Tena kuna sehemu ya pili ya hadithi. J. H. Oldham, aliyekuwa katibu wa mkutano wa wamisionari wa Edinburgh mwaka 1910, alilichukua jambo la kazi ya lazima huko Uingereza, akakusanya viongozi wa makanisa mbalimbali, Askofu Mkuu Davidson akiwamo, wakalipeleka serikalini kwa pamoja. Mwaka 1921 Winston Churchill, Waziri wa Makoloni, alitoa maagizo kwamba maofisa wasishiriki kuwatafutia walowezi binafsi vibarua. Dhuluma haikuisha, kodi na kipande, yaani kitambulisho cha kazi alicholazimishwa Mwafrika kubeba, viliendelea kuwasukuma watu mashambani. Lakini mlango mmoja ulifungwa, na aliyeufunga ni umoja wa makanisa pia. Umoja ule ule wa Waprotestanti, safari hii ukiwa umegeukia upande wa walioonewa.

Ukiangalia miaka iliyofuata, utaona mahali ambapo umoja ulishika mizizi katika nchi zetu. Alliance High School ilifunguliwa Kikuyu mwaka 1926 kwa ushirikiano wa misheni. Chuo cha St. Paul's, Limuru, kikawa cha pamoja mwaka 1955 kati ya Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti. Biblia nyingi tunazobeba Jumapili ni Union Version ya mwaka 1952, iliyomaliza ule mvutano wa tafsiri za wamisionari, Kimvita (lahaja ya Mombasa) cha Krapf na Kiunguja cha Steere. Baadaye Biblia Habari Njema ikatafsiriwa kwa kushirikiana na Wakatoliki. Tanzania, Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo waliunda mwaka 1992 tume ya pamoja ya huduma za jamii, CSSC, inayosimamia mambo ya hospitali na shule zao mbele ya serikali. Ilhali mazungumzo ya kuunda kanisa moja la Afrika Mashariki, yaliyofanywa miaka ya 1960 na Waanglikana, Walutheri, Wamethodisti, Wamoravian na Wapresbiteri, yalififia bila kuzaa kanisa. Yalikwama pale pale alipokwama Weston: nani anamwekea nani mikono.

Yapo mambo ambayo waumini hutuuliza mara kwa mara, na majibu yake yanafaa kujulikana. La kwanza ni ubatizo. Mlutheri, Mwanglikana, Mmoravian au Mpresbiteri aliyebatizwa kwa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, akihamia Kanisa Katoliki habatizwi tena. Hupokelewa kwa kukiri imani. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu umoja, ya Novemba 1964, ilieleza wazi kwamba waliobatizwa hivyo wamo katika ushirika fulani na Kanisa Katoliki, ingawa haujakamilika. Makanisa yanayobatiza upya wanaotoka kwingine, kama Wabaptisti na Wapentekoste wengi, hufanya hivyo kwa sababu hayautambui ubatizo wa watoto wachanga. Hiyo ni tofauti ya kweli ya imani, na ni bora ijadiliwe kuliko kutukanana kwa vipaza sauti.

La pili ni meza. Mkatoliki na Mlutheri waliofunga ndoa hawajaruhusiwa kupokea pamoja kila Jumapili, hata baada ya makanisa yao mawili kutia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki kwa imani, Augsburg, 31 Oktoba 1999. Tuliokaa na familia hizo tunajua maumivu yake: mama anasimama, baba anabaki kwenye benchi, mtoto anauliza kwa sauti.

La tatu ni hili la kuvuta waumini. Mtaa mmoja una makanisa sita, na kila mkutano wa injili unahesabu "waliookoka" ambao wiki iliyopita walikuwa wakiimba kwaya katika kanisa la jirani. Wamisionari wa 1913 waliona aibu hiyo wakachora mipaka. Mipaka imefutika, na sawa ifutike, kwa maana mtu ana haki ya kuchagua anaposali. Ila mchungaji anayempokea mgeni kutoka usharika mwingine angeweza kuanza kwa simu moja kwa mchungaji wa huko, kabla hajamwandika kwenye daftari. Nimewajua wachache wanaofanya hivyo. Mmoja aliniambia simu yake ya kwanza ilipokelewa kwa ukali, ya pili kwa mashaka, na ya tatu wakaishia kuzungumzia kisima cha kijiji ambacho makanisa yote mawili yalikuwa yakikichangia kila moja kivyake.