Siti ya baiskeli: usitafute laini, tafuta inayobeba mifupa yako

Mtu akija kwangu analalamika anaumia akiendesha, karibu kila mara anaomba kitu kimoja, siti laini. Ameshazunguka madukani, kaminya siti moja moja kwa kidole gumba, ile iliyobonyea zaidi ndio kainunua, alafu baada ya muda maumivu yako palepale na sasa yameongezeka ganzi. Mimi kazi yangu ni kupanga mikao ya watu wa baiskeli za barabarani, na hili jambo linaniuma kwa sababu watu wanaacha mchezo wanaoupenda kwa tatizo ambalo mara nyingi linatibika kwa tepu ya kupimia na spana.

Ngoja nieleze huko chini kuna nini. Nyonga yako kwa chini ina mifupa miwili, kulia na kushoto, ndio ile unaisikia ukikalia viganja vyako mwenyewe kwenye benchi la mbao. Hiyo mifupa kazi yake ni kubeba uzito, iko tayari. Katikati yake ni msamba, na hapo ndo pamepita mishipa ya fahamu na ya damu inayoenda sehemu za siri, na hapo hapatakiwi kubebeshwa mzigo. Sasa siti ya jeli nene au sponji laini sana ukiikalia mifupa inazama, na ikizama ile jeli lazima iende mahali, inapanda katikati, inakuja kubana palepale kwenye msamba. Dakika za mwanzo unaona raha kweli, kufika saa moja na nusu husikii kitu. Ndio maana siti za wanaoendesha masaa mengi ukiziona ni kama ngumu, sponji yake ni chache na imekaza, manake inatakiwa iushikilie mfupa juu usizame.

Na ganzi naomba tuelewane. Mifupa kuuma uma wiki za kwanza, hasa kama ulikaa muda mrefu bila kuendesha, hiyo ni kawaida na inaisha yenyewe. Ganzi haizoeleki, ganzi ni mshipa unabanwa na unakwambia, kwa mwanaume na kwa mwanamke pia. Ikikushika simama kwenye pedali, pumzika, na ukifika nyumbani badilisha kitu kwenye baiskeli kabla hujaipanda tena. Ikibaki masaa baada ya kushuka, au ukaona shida kwenye kukojoa au tendo la ndoa, weka baiskeli pembeni uende kwa daktari.

Kitu cha kwanza kupima ni upana wa hiyo mifupa. Chukua kipande cha boksi, lile karatasi gumu lenye mawimbi ndani, kiweke juu ya kigoda kifupi kigumu ambacho ukikaa magoti yanakuwa juu kidogo ya nyonga. Vaa nguo nyepesi, kaa, inama viwiko viguse magoti, vuta kigoda kwa mikono kama unataka kujinyanyua nacho, kaa hivyo kama nusu dakika, alafu nyanyuka wima bila kujiburuza. Kwenye boksi utakuta mashimo mawili, yakiwa hafifu pitisha chaki kwa ubapa au mulika tochi kutokea pembeni vivuli vitakuonyesha. Weka nukta katikati ya kila shimo, pima nukta kwa nukta. Watu wengi wanaangukia kati ya milimita 100 na 140 hivi. Hapo ongeza milimita 20 mpaka 30, na sababu ya kuongeza ni kwamba upana unaoandikwa kwenye siti ni wa ukingo mpaka ukingo, na kingo zinateremka hazibebi kitu, mfupa ukikaa ukingoni ni kama haujakaa. Kwa hiyo mwenye milimita 118 namwanzishia siti ya 140 na kitu, na viwanda vingi vinatoa siti moja kwa upana tofauti, utakuta 143, 155, mpaka 168.

Usikisie kwa macho. Mtu mnene anaweza kuwa na mifupa ya karibu karibu, mwembamba akawa nayo mbali, nyama haisemi chochote kuhusu mfupa. Ni kweli wanawake kwa wastani wana nyonga pana zaidi ila wako wengi tu wanaokaa vizuri kwenye siti nyembamba, na wanaume wanaohitaji pana, kwa hiyo ukikuta imeandikwa ya kike au ya kiume isikutishe, pima. Kwa wanawake ninachoangalia zaidi ni tundu la katikati ya siti, mara nyingi linasaidia likiwa refu na pana kuja mbele, kwa sababu ukiinama nyama laini za mbele ndio zinaumia na kuvimba. Na wapo ambao tundu lenyewe ndio adui, kingo zake zinawakata, hao wanafurahi na siti yenye mfereji tu au isiyo na tundu kabisa.

Mkao nao unabadilisha hesabu. Ukikaa wima uzito unaenda nyuma kabisa ya ile mifupa, ukiinama nyonga inazunguka kuja mbele na unaanza kukalia matawi ya mfupa ambayo kadri yanavyokuja mbele yanakaribiana. Kwa hiyo anayeendesha kwa kulala chini ashike mapindo ya chini ya usukani anahitaji siti nyembamba kidogo kuliko yeye huyohuyo akiendesha wima, na ndio maana siti nzuri ya rafiki yako haikuambii kitu kuhusu yako.

Lakini kabla hujatoa hela angalia siti uliyonayo imekaaje, maana wengi siti yao haina kosa. Anza na urefu. Mwambie mtu akae nyuma yako ukiwa unakanyaga, kama nyonga zinayumba kushoto kulia siti iko juu sana, unafukuzia pedali kwa makalio na kila mzunguko unajisugua. Ile kanuni aliyoitangaza Greg LeMond, bingwa wa Marekani wa mbio za baiskeli, miaka ya 1980 inafaa kama pa kuanzia, pima miguu yako ndani kutoka sakafuni mpaka kwenye msamba ukiwa peku, zidisha kwa 0.883, hiyo ndo kutoka katikati ya ekseli ya krenki, pale mikono ya pedali inapozungukia, mpaka juu ya siti. Miguu ya sentimita 80 inakupa 70.6. Hapo ni pa kuanzia tu, nyonga ikiyumba shusha.

Alafu mlalo. Weka baiskeli mahali tambarare, chukua pimamaji ya fundi ujenzi au hata ile ya kwenye simu, weka juu ya siti, na kama siti ina mkia ulionyanyuka pima nusu ya mbele. Anza sawa kabisa. Pua ya siti, ile ncha ya mbele, ikiwa juu inakusukuma msamba, ikiwa chini sana unateleza kwenda mbele, unajizuia kwa mikono, mabega na viganja vinakufa ganzi na bado unaumia. Digrii moja mpaka tatu kwenda chini inawasaidia wengi wanaoinama sana, ila shusha kidogo kidogo, nusu digrii mwili unaisikia.

Cha tatu ni usukani, na hiki watu hawakifikirii kabisa. Usukani ukiwa mbali au chini kuliko mgongo wako unavyoweza, mwili unajisogeza wenyewe mbele kuufuata, unajikuta umekalia pua ya siti, pale pembamba, na hapo hata siti ya bei gani haiwezi kukusaidia. Ukiona kila baada ya dakika chache unajirudisha nyuma, anza kushuku usukani.

Kuhusu maumbo, miaka ya karibuni siti fupi zimeshika sana tangu kampuni ya baiskeli ya Specialized itoe siti yake iitwayo Power mwaka 2015, zina kama milimita 240 wakati za zamani zinafika 270 au 280, na kwa anayeinama sana nazipenda kwa kweli, pua haikufikii. Brooks wa Uingereza, walioanza 1866, bado wanatengeneza zile za ngozi zinazojiumba taratibu kufuata mifupa yako, nzito, hazipendi mvua, ila kuna watu hawataki nyingine na wana sababu. Ukibadilisha kwenda fupi usilinganishe pua kwa pua, utakuwa umejisogeza mbele sentimita tatu nzima. Tafuta kwenye siti zote mbili pale penye upana wa milimita 80, weka alama ya tepu, hiyo ndo ulinganishe na ndo upimie urefu wa kutoka kwenye krenki, maana siti nazo zinatofautiana unene.

Kaptula iwe ya baiskeli yenye pedi, bila nguo ya ndani, mishono ya chupi ndio inaleta michubuko na vipele vinavyogeuka majipu. Ifue kila ukitoka. Pedi nzuri nyembamba inashinda nene. Na kila dakika kumi au kumi na tano simama kwenye pedali sekunde chache damu ipite.

Ukiumia upande mmoja tu usikimbilie siti mpya kwanza. Toa ile ya zamani iangalie kwenye mwanga, mara nyingi utaona kushoto pamelika pakawa panang'aa na kulia panaonekana papya, au mshono wa upande mmoja umefutika. Hapo unakaa kiupande, yawezekana mguu mmoja ni mfupi au nyonga moja imekaza, au kileti, kile kipande cha chini ya kiatu kinachonasa kwenye pedali, cha kiatu kimoja kimefungwa tofauti na cha mwenzake. Nyoosha vileti kwanza, hakikisha pua ya siti inatazama mbele sawasawa na fremu, na kama bado, tafuta mtu wa kukupima miguu, na hiyo siti yenye alama uende nayo.