Niunge Masta Sasa au Nifanye Kazi Kwanza? Yanayosemwa Kigoma na Ukweli Wake

Mwezi uliopita kijana wa dawati la wateja ofisini kwetu alisubiri wenzake wote watoke, akavuta kiti. "Shikamoo kaka. Mzee wangu kule Kasulu anataka kuuza kiwanja chake cha Mwanga, hapa mjini, ili niunge masta ya biashara mwaka huu huu. Anasema samaki hukunjwa angali mbichi."

Nikamuuliza ana muda gani kazini. Miezi saba.

Nilimjibu kwa vipande, maana ilikuwa imeshagonga saa kumi na moja jioni na mlinzi alikuwa ameshika komeo la geti anatutazama. Nimekuwa nikikopesha watu mjini Kigoma tangu 2012, na masta yangu niliisoma nikiwa na miaka saba kazini, kwa hiyo swali hili naletewa mara nyingi, na kila anayeliuliza huwa ameshajibiwa na mtu mwingine. Majibu hayo ndiyo yananisumbua.

Dhana: unga moja kwa moja, ukiwa bado na akili ya darasani

Kupokelewa utapokelewa. Kigezo cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu kwa shahada ya uzamili ni GPA, yaani wastani wa alama za shahada ya kwanza, ya 2.7, na vipo vyuo ambavyo havitakuuliza umefanya kazi wapi. Lakini masta ya biashara, yaani MBA, ina tabia yake. Chuo Kikuu cha Harvard, kilichoanza kuitoa mwaka 1908, tangu 2007 kina mpango wa kuwapokea wanafunzi wakiwa bado mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza. Wakishapokelewa, huambiwa waende kwanza kazini, angalau miaka 2, ndipo waje darasani. Chuo Kikuu cha Chicago nacho kilifungua mwaka 1943 darasa la MBA la watu walio tayari kwenye uongozi, ambao wanasoma huku wanaendelea na kazi. Sababu ni kwamba katika masomo haya mhadhiri anakuja na kanuni, ila mifano inatoka kwenye viti. Kama viti vyote vimejaa watu waliotoka hosteli, mifano itatoka kwenye kitabu, na kitabu ungeweza kukisoma nyumbani.

Nieleze lililonitokea mimi. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nasimamia mikopo ya akina mama wanaonunua dagaa pale ufukwe wa Kibirizi, wanawaanika, kisha wanawapeleka sokoni. Marejesho yalikuwa ya kila wiki, shilingi 30,000, mara nne kwa mwezi. Wiki tatu mambo yanakwenda, wiki ya nne nusu ya kikundi hawaonekani. Nikiwafuata majumbani nakuta wamekaa mlangoni wanachambua maharage, hawana wasiwasi wowote. "Mwanangu, si unaona mwezi ulivyo?" aliniambia mama mmoja, akaninyooshea kidole juu kama anayemwonyesha mtoto. Mimi nikaandika kwenye fomu: mteja msumbufu.

Mtu wa Kigoma ameshacheka. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikitanda, taa hazina kazi, vipe, yaani vyombo vya kuvulia dagaa, vinalala ufukweni siku kadhaa hadi giza lirudi. Nimekulia hapa hapa na hilo nalijua tangu utotoni, ila ratiba ya marejesho ilitoka makao makuu na haikuwahi kunijia akilini kwamba inaweza kuguswa.

Miaka mingi baadaye, nikiwa kwenye somo la fedha, mhadhiri akafundisha jambo la kawaida kabisa: deni lilipwe kwa mwendo wa fedha inavyoingia. Dakika tano tu, akapita. Mimi nilibaki palepale. Usiku ule nilitoa daftari la marejesho ya miaka miwili, nikaweka kalenda ya mwezi pembeni, na zile wiki mbovu zikajipanga zenyewe. Ndiyo ikawa mada ya utafiti wangu. Tuliwabadilishia wakawa wanalipa mara tatu, 40,000 kila mara, kipindi cha giza tupu. Jumla ni ileile, na yule mama sikumfuata tena nyumbani.

Darasani tulikuwa na vijana waliounga, wana akili kama wembe. Mtihani wa somo lile walinipita, tena kwa mbali. Ila walipoandika kuhusu mzunguko wa fedha waliandika maana yake, na ilipofika mada ya utafiti walihangaika muhula mzima wakitafuta kampuni itakayokubali kuwapa takwimu. Najiuliza ningefanya nini na zile dakika tano kama ningezisikia nikiwa na miaka 23. Ningezinakili vizuri.

Mwaka 2024 nchi nne zinazolizunguka ziwa zilipolifunga kwa uvuvi miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, nilijua pa kuanzia. Mikopo mipya ya dagaa tuliipangia ianze kulipwa Septemba.

Kuna anayepaswa kuunga, nisimsahau. Kama ndoto yako ni kufundisha chuoni, una GPA ya 3.8 au zaidi na kuna nafasi ya mkufunzi msaidizi, usikawie kazini ukisubiri uzoefu wa mikopo ya dagaa. Njia yako ni nyingine.

Dhana: ukivuka 40 umechelewa

Hakuna chuo kitakachokurudisha getini kwa sababu ya mvi. Hesabu ya umri ni ya kustaafu. Mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na lazima akifika 60. Ukianza ukiwa na 41 ukamaliza na 43, mbele yako kuna miaka 17 ya kuitumia, mingi kuliko aliyonayo kazini kijana anayekucheka. Ukianza na 52 unabakiwa na kama sita, na hapo ningekuuliza kwa adabu unaisomea nini. Kama jibu ni raha ya kusoma, soma. Kama ni cheo, tukae chini kwanza.

Jambo moja tu la umri linaweza kukukwamisha: matangazo ya ajira serikalini kwa kawaida hutaka mwombaji asizidi miaka 45. Anayetaka kutoka sekta binafsi kuingia serikalini kwa mgongo wa masta apige hesabu ya kurudi nyuma kuanzia hapo.

Dhana: ukileta cheti, mshahara unapanda

Hii imeumiza watu ninaowafahamu kwa majina. Serikalini unalipwa kwa cheo na kada uliyomo, kwa kufuata muundo wa utumishi. Cheti ambacho kada yako haikukihitaji kinaingia kwenye faili, na mshahara unabaki palepale hadi upandishwe daraja au ubadilishiwe kada, na hilo linategemea kama nafasi ipo na bajeti ipo. Ndiyo maana ruhusa ya masomo huombwa kwa maandishi, tena baada ya kuthibitishwa kazini. Aliyesoma kimyakimya jioni akidhani atawashtukiza mabosi wake mara nyingi ndiye anayeshtukizwa.

Kwenye kampuni binafsi dawa ni swali, na uliulize kabla ya kulipa ada: "Bosi, nikimaliza hii, kuna nafasi gani hapa?" Akianza kuzungumzia hali ya hewa, umeshapata jibu.

Kisha kuna makato. Waliosoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo wanakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kiwango kilichopanda kutoka asilimia 8 kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016. Kwa anayelipwa laki tisa ni 135,000 kila mwezi. Ongeza mkopo wa benki wa kulipia masta, ongeza ule wa bati za nyumba, na kumbuka kuna kanuni kwamba mfanyakazi abakiwe na theluthi moja ya mshahara wake. Nimekuwa upande wa pili wa meza hii. Walimu wengi wamewahi kukaa mbele yangu na fomu ya udahili mkononi, na theluthi ilikuwa imeshaguswa.

Na ukiacha kazi kabisa ukasome? Mshahara huohuo wa laki tisa kwa miezi 24 ni milioni 21.6 ambazo hukuzipata, kabla hujalipa ada, chumba na chakula. Kiwanja cha mzee hakitoshi hapo, nadhani hata viwili.

Dhana: masta ya maana lazima uifuate Dar

Kutoka Kigoma hadi Dar kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, kwa hiyo habari ya madarasa ya jioni na ya wikiendi mjini Dar huku tunaisikia kama habari za ng'ambo. Lakini Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo mikoani, na Kigoma na Tabora ni miongoni mwake. Vyuo vingine navyo vinafundisha kwa masafa au kwa vipindi vifupi vya ana kwa ana, na likizo yako ya mwaka ikipangwa vizuri inaweza kuvimeza vipindi hivyo.

Nisikudanganye, haikuwa rahisi. Nilianza 2019, Kigoma ikiwa bado inaishi kwa majenereta. Kazi yangu ya kwanza ya chuo niliituma mtandaoni saa tisa usiku nikiwa nimeegemea dirisha la sebuleni, kompyuta ikiwa na chaji ya asilimia nne na simu iliyogawa bando ikiwa imening'inizwa kwenye nondo, maana ndipo mtandao uliposhika. Mke wangu aliamka akanikuta nimesimama hivyo gizani, akadhani nimeona mwizi.

Siku hizi umeme ni wa gridi. Dirisha lile bado naliheshimu.

Dhana: subiri mambo yatulie

Nyumba iishe, mdogo wako amalize kidato cha nne, mtoto aanze kutembea. Hayatulii. Kinachowezekana ni kuujua mwaka wako una mabonde wapi. Rafiki yangu mmoja ni mhasibu wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku kule Urambo. Masoko ya tumbaku yakifunguliwa hana usiku wala Jumapili. Marobota, madaraja, malipo ya wakulima, simu za wenyeviti. Muhula wa kwanza alijisajili masomo manne katikati ya masoko, akapata supu mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia. Mwaka uliofuata akabadilisha: miezi ya masoko somo moja tu, mengine akayabeba mkulima akiwa kwenye vitalu na ofisi imepoa. Alimaliza mwaka mmoja nyuma ya wenzake, na sijasikia mtu hata mmoja akimuuliza kwa nini.

Kinachostahili kusubiriwa ni kitu kingine: maswali. Ukiweza kuandika kwenye karatasi mambo matatu ya kazini kwako ambayo huelewi kwa nini yanakwenda vile yanavyokwenda, muda umekaribia. Mimi ilinichukua miaka saba, na miwili kati ya hiyo ilikuwa ya uzembe tu.

Dhana: kwenye biashara hakuna kinachoizidi masta

Inategemea shida yako. Mhasibu anayetaka kusaini hesabu anahitaji CPA, cheti cha bodi ya wahasibu, NBAA, na afisa ununuzi anahitaji mitihani ya bodi ya ununuzi na ugavi, PSPTB. Masta haitawafanyia kazi hiyo. Mwenye duka la mawese pale Ujiji anayetaka kujua kama anapata faida, SIDO, shirika la viwanda vidogo, wako Kigoma na Tabora, na kozi yao fupi inamtosha kabisa. Sioni sababu ya kumpitisha kwenye takwimu za muhula mzima.

Yule kijana nilimpa kazi moja kabla hatujafungiwa geti. Nilimwambia achukue kikundi kimoja cha Kibirizi akisimamie mwenyewe mwaka mzima, aandike kila wiki nani kalipa, nani hakulipa, na yeye anadhani ni kwa nini. Mzee wake nilimpigia mimi, nikamwomba asubiri mwaka huo mmoja kabla ya kuuza kiwanja. Mwalimu mstaafu, anaongea taratibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama mwaka huo mmoja nitauandika kwa barua. Nikamwandikia.

Jumanne iliyopita nilipita Kibirizi asubuhi. Kijana alikuwa amechuchumaa mchangani, viatu vya ofisini amevishika mkononi, anamuuliza mvuvi mmoja jana vimetoka vipe vingapi. Mvuvi hakumjibu. Alinyanyua kidole kuelekea magharibi, juu ya milima ya Kongo, ambako mwezi mzima ulikuwa bado haujazama.