Kwa nini wasikilizaji wa mawimbi marefu hujenga antena kubwa kama mlango?

Mnara wa redio mrefu kuliko yote duniani uliwahi kusimama Konstantynów, Poland. Ulikamilika mwaka 1974 ukiwa na mita 646, ukaanguka Agosti 1991 mafundi wakiwa wanabadilisha kamba za chuma zilizoushikilia. Ulijengwa kurusha redio ya taifa kwa mawimbi marefu, yaani mawimbi ya redio ya masafa ya chini. Kwenye kilohezi 227 wimbi moja lina urefu wa mita 1,320 hivi, na mnara ule ulikaribia nusu yake.

Je, msikilizaji naye anahitaji mnara? La. Ulaya wapo watu wanaonasa vituo vya nchi za mbali kwa fremu ya mbao iliyozungushiwa waya, upande mita moja au mbili, imesimama chumbani.

Siri iko kwenye kelele. Katika masafa haya mikwaruzo ya radi husafiri mbali sana, na bonde la Kongo ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Ndani ya nyumba nako kuna chaja, taa za LED na televisheni, zote zinanguruma. Ukitundika waya mrefu nje, utavuta kituo kwa nguvu zaidi, lakini kelele nazo zitapanda vilevile. Hujapata faida yoyote.

Antena ya kitanzi, yaani ile fremu ya waya, inachagua. Inanasa sehemu ya sumaku ya wimbi, na inasikia vizuri pale ukingo wa fremu unapoelekea kituo. Uso wa fremu ukikielekea, kituo kinazama. Pembe hiyo ya ukimya ni nyembamba mno: geuza fremu kidogo tu, kilichofifia kinarudi. Kwa hiyo mtumiaji hodari huigeuza fremu hasa ili amnyamazishe msumbufu, na kwangu mimi huu ndio uzuri mkubwa wa kifaa hiki.

Mfano mzuri ni kilohezi 252. Hadi Aprili 2023 masafa hayo yalitumiwa na Algeria na Ireland kwa pamoja. Aliyekuwa Uingereza alikuwa na Ireland upande wa magharibi na Algeria kusini. Akielekeza ukingo wa fremu kusini, uso wake unatazama Ireland, na Ireland inazama, Algeria inabaki.

Sasa, kwa nini iwe kubwa? Umeme unaozaliwa kwenye kitanzi hutegemea eneo lake, idadi ya mizunguko ya waya, na masafa. Masafa haya ni ya chini, kwa hiyo umeme ni haba, na redio yenyewe ina mvumo wake wa ndani unaoweza kuufunika. Ukiongeza upande mara mbili, eneo huongezeka mara nne. Ni kweli itabidi upunguze mizunguko ili antena ibaki kwenye masafa yaleyale, lakini hata hivyo unatoka na umeme karibu mara tatu ya awali.

Fremu ya mita moja huhitaji mizunguko ishirini na kitu, yaani waya wa mita 80 hadi 100. Acha nafasi ya milimita chache kati ya mzunguko na mzunguko, la sivyo waya zikibanana, antena haitafika masafa ya juu ya mawimbi marefu. Ncha mbili za waya zifungwe kwenye kapasita ya kuzungusha (kifaa cha kuchagulia masafa) ya pikofaradi 500, ile inayopatikana kwenye redio za zamani. Ukiizungusha polepole, ghafla kituo kinaruka juu: kitanzi kimeanza kuitikia masafa hayo peke yake, kinalikuza wimbi mara nyingi na kuviacha vituo jirani nje.

Redio ya transista haihitaji hata kuunganishwa kwa waya. Ndani yake kuna kijiti cheusi cha feraiti, nacho ndicho antena yake. Iweke karibu na fremu, kijiti kikiwa kimetazama upande uleule unaotazamwa na uso wa fremu, kisha isogeze mbele na nyuma. Ikikaribia kupita kiasi, fremu inalemewa na uwezo wake wa kutenga vituo unapungua. Sogeza redio nyuma kidogo, kisha urekebishe kapasita upya.