Maziwa ya mama yaliyopashwa moto si "maji meupe"

Kuna ujumbe usiochoka kuzunguka kwenye magrupu: eti maziwa ya mama yanayochangwa kwa ajili ya watoto wengine yakishapita kwenye moto "yanakufa", mtoto anabaki kunywa maji meupe tu.

Sivyo. Benki za maziwa, yaani vituo vinavyopokea na kuhifadhi maziwa hayo ya kuchangwa, haziyachemshi mpaka yatokote. Njia iliyozoeleka zaidi ni kuyapasha hadi nyuzi joto 62.5 za Selsiasi, kuyaacha kwenye joto hilo kwa dakika 30, kisha kuyapoza haraka. Njia nyingine hutumia nyuzi 72 kwa sekunde 15. Joto hilo linaua virusi vya UKIMWI na bakteria wengi wanaodhuru, huku sukari za maziwa zikibaki karibu kama zilivyokuwa. Mafuta yapo. Sehemu ya kingamwili, yaani protini zinazopambana na vijidudu vya magonjwa, nayo ipo.

Wanaoamini ujumbe huo si wajinga, maana una chembe ya kweli: seli hai hufa, kimeng'enya cha kusaga mafuta huharibika, na kingamwili hupungua. Ndiyo maana maziwa ya mama mzazi, yakipatikana, hupewa kipaumbele. Ila kupungua ni jambo moja, kwisha ni jingine.

Ukitaka kuhakiki, mwombe mhudumu wa benki ya maziwa akuonyeshe rekodi ya joto na muda, pamoja na majibu ya kipimo cha bakteria. Na ujumbe ule ukikufikia tena, tafadhali uishie kwako. Huenda anayefuata kuusoma ni mzazi wa mtoto njiti, anayetakiwa kuamua leo.