Kusinki SharePoint sio kuweka bakapu
Watu kibao maofisini wanaamini ukisinki (yaani kuunganisha) folda ya SharePoint, ile huduma ya Microsoft ya kuhifadhi faili za pamoja mtandaoni, kwenye laptop umepata kopi yako binafsi, so laptop ikijaa wanafuta tu. Hapana jamani, ile ni folda ileile ya wote, ukifuta kwako idara nzima imefutiwa na simu zinaanza kumiminika kwa watu wa IT. Kama shida ni nafasi, bofya kulia kwenye faili chagua kuachia nafasi (Free up space), faili linabaki mtandaoni. Na kama umeshafuta usipaniki, linakaa kwenye pipa la taka la saiti ya SharePoint siku 93, ukimwaga hilo linaenda pipa la pili ambalo admini wa saiti analiona, ila siku hazianzi upya, ni zilezile 93 tangu ulipofuta.