Feni ya AC imegoma? Anza na swichi, usikimbilie gesi

Gari likiacha kupuliza, wenye magari wengi hupeleka moja kwa moja kujaza gesi. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 90, Corolla, Carina na ndugu zao, kompresa (pampu inayosukuma gesi ya AC) haiwaki mpaka swichi ya feni iwe imewashwa. Swichi ikifa, AC nzima inanyamaza hata kama gesi imejaa. Na kwa aliye Njombe au Limuru, shida wala si joto: kioo cha mbele kinajaa mvuke asubuhi ya mvua na hakuna upepo wa kuukausha.

Naongelea gari lenye nobu ya kuzungusha yenye spidi nne. Gari lenye AC ya kujiendesha, ile inayoonyesha nyuzi joto kwenye kioo kidogo, halimo humu. Spidi yake inaongozwa na kifaa cha kielektroniki na vipimo vyake ni vingine.

Kwanza hakikisha mgonjwa ni swichi. Umeme unatoka betri, unapita fyuzi kubwa (tafuta HTR au HEATER kwenye kifuniko cha boksi, nyingi ni za ampea 30 au 40), kisha relei (swichi inayowashwa kwa umeme), kisha mota ya feni. Kutoka mota unashuka bodi, yaani chuma cha gari kilichounganishwa na hasi ya betri, kupitia rezista (kipande kinachopunguza umeme ili feni iende polepole) na swichi. Spidi ya 1 umeme unapita rezista yote, ya 2 na ya 3 unapita sehemu yake, ya 4 unairuka kabisa. Ndiyo maana feni inayofanya kazi spidi ya 4 peke yake karibu kila mara ni rezista iliyokatika, na kununua swichi hapo ni kutupa hela. Ikifanya kazi 1 mpaka 3 lakini ya 4 haipo, au ikija na kupotea ukiitikisa nobu, shuku swichi na soketi yake. Ikiwa kimya kote, pima waya wa chanya kwenye mota ufunguo ukiwa ON na nobu ikiwa spidi ya 1. Pakiwa na volti 12, relei ni nzima. Tatizo liko kwenye mota au njia ya kwenda bodi. Pasipo na volti, angalia fyuzi na relei, lakini usiisahau swichi, maana kwenye Toyota hizi mara nyingi yenyewe ndiyo inayoamsha relei.

Magari mengine, hasa ya Ulaya, yana swichi upande wa chanya. Kujua lako, weka spidi ya 2 kama bado inafanya kazi, kisha pima kila waya wa mota dhidi ya bodi. Mmoja ukisoma volti 12 kamili na wa pili volti kadhaa, swichi iko upande wa bodi. Mmoja ukisoma sifuri, iko upande wa chanya. Usiunganishe waya wowote kwenye bodi kwa majaribio kabla ya kujua hilo.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni hiki. Feni ikiwa spidi ya 4, chomeka ncha moja ya mita nyuma ya soketi ya swichi kwenye waya wa spidi ya 4, na nyingine kwenye waya wa bodi wa soketi hiyohiyo. Swichi nzima husoma chini ya volti 0.3. Ukiona 1.5, piga hesabu: mota ikivuta ampea 15, hapo ndani panazalishwa joto la wati 22 na zaidi. Ni kama balbu ya taa ya breki inawaka ndani ya kiberiti. Plastiki inalainika, springi ya shaba inapoteza ukakamavu, mguso unalegea, joto linaongezeka tena.

Kuitoa si kazi ngumu. Fungua hasi ya betri kwa spana namba 10. Kama gari lina eabegi subiri sekunde 90 kabla ya kugusa dashibodi, na soketi za rangi ya njano uziache zilivyo. Vuta nobu moja kwa moja nje, ukiifunga kitambaa ili koleo isiikwaruze. Fremu inayozunguka redio na paneli imeshikwa na klipu, na mara nyingi kuna skrubu iliyojificha nyuma ya kisahani cha majivu. Ikigoma usilazimishe, tafuta hiyo skrubu. Plastiki ya miaka 30 haipindi, inavunjika. Paneli yenyewe ina skrubu tatu au nne. Ukiivuta utakuta inashikiliwa na kebo za joto na za mwelekeo wa upepo: piga picha, weka alama ya rangi mahali ganda la kila kebo linapobanwa, ndipo uzichomoe. Kebo ikirudi nje ya alama yake kwa milimita chache, mlango wa hewa ya moto haufungi vizuri na utaanza kulaumu AC. Swichi imekaa nyuma ya paneli kwa skrubu mbili au klipu.

Kabla ya kwenda kutafuta swichi kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, chukua ya zamani mkononi. Linganisha idadi ya pini, mpangilio wake, umbo la soketi na namba iliyochapwa ubavuni. Kwa mitumba, wauzaji wengi hawatoi swichi peke yake, wanauza paneli nzima. Sawa, ila izungushe uhisi kila hatua inashika, na unuse. Iliyoungua inanuka.

Soketi ndiyo inayosahauliwa. Pini ikiwa imegeuka kahawia au plastiki yake imeyeyuka, swichi mpya itakufa palepale. Dai soketi yenye mkia wa waya, kata waya wa zamani mpaka ufikie shaba inayong'aa, unga kwa waya wa milimita 2.5 za mraba kwenye njia ya spidi ya 4 na ya bodi, bana vizuri, funika kwa mpira wa kusinyaa kwa joto. Viungo visikae sambamba, vipishane.

Kusugua mguso kwa msasa kunasaidia kwa muda tu, kwa sababu kunaondoa tabaka linaloulinda. Na ule mtindo wa kubandika swichi ya pembeni chini ya usukani siupendi. Nyingi hazimudu hata ampea 10.

Halafu mota. Ikipiga kelele au ikiwa nzito kuzungusha kwa kidole, inavuta ampea nyingi, na ndiyo iliyoichoma swichi. Husemwa pia kwamba vumbi kwenye evapureta (kipoza hewa cha AC) linaongeza mzigo wa umeme. Kwa feni hii ya pipa, yenye mapanga yaliyopangwa kwa duara kama pipa, ni kinyume: hewa ikizibwa, mota inapata wepesi na ampea zinashuka. Anayeumia ni rezista, kwa kuwa inapozwa na upepo uleule. Safisha kwa ajili yake.

Ukimaliza, usirudishe fremu kwanza. Washa injini, weka spidi ya 4 kwa dakika kumi, kisha shika soketi nyuma ya paneli. Ikiwa vuguvugu, funga. Ikikufanya uondoe vidole, rudi kwenye mota.