Mchezo Unakubali, Mlinzi Anakataa

Ujumbe ninaoupokea mara nyingi kuliko mwingine wowote ni huu: "Nimehamia Linux, michezo yangu yote inafunguka isipokuwa mmoja, na huo mmoja ndio ninaoucheza na wenzangu. Nifanyeje?" Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuhangaika na michezo ya Windows mpaka ikubali kuendeshwa juu ya Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, tangu enzi za kuandika kwa mkono, mstari kwa mstari, mipangilio ya Wine, programu inayowezesha programu za Windows kufanya kazi kwenye Linux. Jibu la swali hilo limebadilika kabisa. Zamani ningesema mchezo hauwezi. Leo nasema mchezo unaweza, ila studio iliyoutengeneza haijauruhusu. Hayo ni mambo mawili tofauti, na watu wengi bado wanayachanganya.

Hoja ya studio kubwa za michezo dhidi ya Linux tangu zamani ni kwamba soko ni dogo. Siibezi. Loki Software ilianzishwa mwaka 1998 kwa kazi moja tu, kuhamishia kwenye Linux michezo iliyokwisha kutolewa kwingine. Ilileta michezo ya maana, ikaacha na SDL, maktaba ya msimbo wa kutengenezea michezo ambayo hadi leo inatumika kila mahali, lakini mwanzoni mwa mwaka 2002 ikafunga milango kwa kukosa fedha. Mkurugenzi yeyote wa studio aliyeyaona hayo alikuwa na haki ya kuogopa.

Lakini hoja hiyo ilihusu gharama ya kuandika toleo la Linux, na hilo siku hizi hakuna anayeliomba. Mimi mwenyewe siliombi, na nitaeleza kwa nini.

Mchezo wa Windows, ukiutazama kwa ndani, ni programu inayoomba huduma: nifungulie faili hii, nipe sauti ile, nichoree pembetatu hizi elfu kumi. Haujui anayejibu ni nani. Wine, mradi ulioanza mwaka 1993, unakaa mahali pa Windows na kujibu maombi hayo kwa huduma za Linux. Hauigi kompyuta nzima, ndiyo maana mchezo haupungui kasi kwa kiasi ambacho watu hudhani. Kilichotutesa kwa miaka ni michoro. Michezo mingi huagiza michoro yake kupitia Direct3D, lugha ya Microsoft, nasi tulikuwa tukiitafsiri kwenda OpenGL, lugha ya michoro iliyokuwepo kwenye Linux. Zilikuwa lugha mbili zenye fikra tofauti, na tafsiri ilikuwa nzito.

Mwaka 2016 ikatoka Vulkan, lugha mpya ya michoro ambayo inaiachia programu kazi nyingi ambazo awali zilifanywa na draiva, yaani programu inayoongoza kadi ya michoro. Philip Rebohle, kwa sababu alitaka kucheza NieR: Automata kwenye Linux, akaanza kuandika DXVK, mtafsiri wa Direct3D 11 kwenda Vulkan. Nakumbuka nilivyoijaribu mara ya kwanza: mchezo uliokuwa ukikokota miguu ukakimbia kana kwamba nimebadilisha kadi ya michoro. Valve, kampuni yenye duka la michezo la Steam, ikamuunga mkono, ikaunganisha DXVK na Wine na viraka vyake yenyewe, na Agosti 2018 ikatoa Proton ndani ya Steam. Direct3D 12 nayo ikapata mtafsiri wake. Februari 2022 ikaja Steam Deck, kifaa cha mkononi kinachoendeshwa na Linux, na mamilioni ya watu wakawa wanacheza kwenye Linux bila hata kulijua jina hilo. Mwaka 2025, katika takwimu za Steam za kila mwezi, Linux ilivuka asilimia 3 ya watumiaji kwa mara ya kwanza. Bado ni kidogo, lakini studio hazikutumia hata senti kuwapata wachezaji hao.

Sasa, kwa nini siombi toleo la Linux lenyewe? Kuna mchezo mmoja niliopewa kuuchunguza, uliouzwa ukiwa na toleo rasmi la Linux. Kila ukifika hatua ya tatu unazima. Nikafungua logi, faili ambamo mchezo huandika yanayotokea, mstari wa mwisho ukasema faili "Sounds/Door_01.ogg" haipo. Nikaenda kwenye folda nikaikuta, ila ilikuwa imeandikwa "sounds/door_01.ogg". Tofauti ilikuwa herufi mbili kubwa tu. Kwenye Windows herufi kubwa na ndogo katika majina ya faili ni kitu kimoja, kwenye Linux ni majina mawili tofauti. Aliyetengeneza mchezo alifanyia kazi Windows siku zote, hakuwahi kuliona kosa hilo, na baada ya mauzo ya wiki za kwanza hakuna aliyerudi kulirekebisha. Nikafuta toleo la Linux, nikaweka la Windows kupitia Proton. Hatua ya tatu ikapita bila tatizo, kwa sababu Wine imefundishwa kutojali ukubwa wa herufi. Toleo rasmi lililotelekezwa ni baya kuliko kutokuwa nalo kabisa. Kwa hiyo naziambia studio: andikeni kwa ajili ya Windows kama mnavyoandika, tafsiri tutaifanya sisi. Tunachoomba ni msitufungie mlango.

Na mlango unafungwa na kitu kimoja: programu ya kuzuia udanganyifu.

Katika michezo ya ushindani ya mtandaoni kuna mlinzi anayeanza pamoja na mchezo. Kazi yake ni kuhakikisha hakuna programu nyingine inayosoma kumbukumbu ya mchezo ili kumwonyesha mtu adui aliye nyuma ya ukuta, au kumlengea bunduki. Walinzi wakali zaidi kwenye Windows hukaa ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo, pale pale mfumo wenyewe unapokaa, ili mdanganyifu asiweze kuwapita kwa chini. Proton haiwezi kutafsiri kitu cha namna hiyo. Kerneli ya Windows haipo, kwa hiyo hapana pa kumweka mlinzi huyo.

Hapa niwatendee haki wahandisi wa upande wa pili. Kwenye Linux mtu yeyote anaweza kuunda kerneli yake mwenyewe na kuifanya imdanganye mlinzi kuhusu kila kinachoendelea. Mlinzi akiuliza, ataambiwa kila kitu ni shwari. Hilo ni tatizo la kweli, na anayelikana hajawahi kulishughulikia.

Hata hivyo, Septemba 2021 walinzi wawili wanaotumika sana, Easy Anti-Cheat na BattlEye, walitangaza kwamba wanaweza kufanya kazi chini ya Proton, nje ya kerneli. Kwa BattlEye, studio inatakiwa tu kuomba iwashiwe. Studio kadhaa ziliwasha, na michezo yao ikaendelea salama. Nyingine zikakaa kimya. Nyingine zikawasha kisha zikazima, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Apex Legends ilichezeka kwenye Linux tangu mwaka 2022 mpaka mwisho wa Oktoba 2024, kampuni yake, EA, ilipoifunga ikisema uwazi wa Linux unawavutia watengenezaji wa programu za udanganyifu. Mwezi mmoja kabla, sehemu ya mtandaoni ya GTA V iliwekewa BattlEye bila Linux kuruhusiwa. Mwaka huo huo League of Legends, iliyokuwa ikichezeka kupitia Wine kwa miaka, ilipewa mlinzi wa ndani ya kerneli wa Riot, kampuni inayoumiliki mchezo huo, na safari ikaishia hapo. Watu walikuwa wamenunua mavazi ya wahusika, wamepanda madaraja, wana marafiki humo. Wakaamka asubuhi wakakuta wamewekwa nje, ilhali kompyuta ni ile ile na mchezo ni ule ule.

Na Windows iliyobaki, je, imekuwa safi? Wadanganyifu wa kweli wana kadi za kuchomeka ndani ya kompyuta zinazosoma kumbukumbu moja kwa moja na kuipeleka kwenye kompyuta ya pili. Mlinzi wa kerneli anapata tabu kuiona hiyo. Naamini dawa inayodumu iko kwenye seva: kama mchezaji hapaswi kumwona adui, seva isimtumie mahali alipo adui huyo. Programu ya udanganyifu haiwezi kuonyesha kisichofika. Riot wenyewe walieleza mwaka 2020 jinsi walivyofanya hivyo kwenye Valorant, mchezo wao mwingine, kwa hiyo mbinu wanaijua. Ni kazi ngumu, inakula nguvu ya seva, na kufunga Linux ni rahisi zaidi.

Sasa nimjibu aliyeniandikia. Usijaribu hila za kuuficha mfumo wako kwa mlinzi. Zinafanya kazi wiki moja, kisha akaunti inafungwa na hairudi. Kabla ya kununua mchezo wowote wa ushindani, tafuta kwanza mlinzi wake ni yupi na kama studio imemruhusu chini ya Proton. Michezo yako mingine iendeshe kwenye Linux hata kama una Windows pembeni, kwa sababu ununuzi unaochezwa kupitia Proton Steam inauhesabu kuwa wa Linux, na hesabu hizo studio huziona. Huo mmoja wa kucheza na wenzako, uwekee Windows kwenye diski yake ya pekee, si kipande cha diski ya Linux, maana masasisho ya mfumo mmoja yanaweza kuvuruga kianzishi cha mwingine, yaani programu inayouwasha. Kisha waandikie studio, utaje mchezo, utaje mlinzi, uwaulize kwa nini hajawashwa.